Mkono wa Anayekunywa

Vijana wangu, siku hizi mnaniletea picha za majani kwenye simu na kuniuliza, "Cucu, bibi yetu, hii inatibu nini?" Kwanza nacheka, kisha nakasirika kidogo. Jani lililo ndani ya simu halitibu kitu. Mimi nataka kujua ni nani anaumwa, amekula nini, analala wapi, na ni nani amemuudhi. Mkinijibu kwamba ni rafiki yenu tu, hayuko hapa, basi mazungumzo yetu yamekwisha. Huyo rafiki aje mwenyewe, au aende hospitali, ambako pia watamtaka aje mwenyewe.

Kazi ya miti shamba niliiacha magoti yalipokataa kuteremka mtoni. Mjukuu wangu anayekaa Mwihoko alininunulia daftari kubwa akaniambia niandike kila dawa ninayoijua, moja baada ya nyingine, ili isipotee. Nimejaribu, Mungu ni shahidi. Lakini kila nikiandika jina la mti, najikuta nimeanza habari ya mtu. Kwa hiyo mtapata watu wengi na miti michache, na mkiona sikutaja jina la mzizi fulani, mjue nimeuficha makusudi. Nawajua nyinyi, mtaenda kuuchimba.

Aliyenifundisha ni dada wa baba yangu, Wambui. Mimi nilimwita Tata, ndivyo Wakikuyu tunavyomwita shangazi. Alikaa Makongeni, pale Thika, mumewe akifanya kazi kiwandani, na siku hizo ukitoka nyuma ya nyumba hukwenda mbali kabla ya kukutana na mkonge. Nilipelekwa kwake katikati ya miaka ya hamsini, nikiwa msichana aliyemaliza darasa la nne la misheni na asiyejua chochote kingine. Baba alikuwa kizuizini, na kijiji chetu kule Kandara kilikuwa kimezungushiwa handaki. Mama alisema ni heri nikae na mtu mwenye kazi mikononi. Kupata pasi ya serikali ya kunitoa kijijini kulichukua muda mrefu kuliko ule niliokuja kuutumia kujifunza kuchuna gome la mti, na hata hilo sikulijua vizuri.

Tata alikuwa Mkristo wa kweli, wa kuimba sauti ya pili kila Jumapili. Hakupenda kabisa kuchanganywa na wapiga ramli. Mtu akimwambia, "Niangalizie ni nani ameniroga," alimjibu kwamba yeye haangalii, yeye anauliza. Na aliuliza kweli. Ukija na tumbo, alikukalisha kwenye kigoda akataka kujua ulikula nini jana na juzi na nani alipika. Unakunywa maji ya wapi? Nyumba yako ina dirisha? Moshi wa kuni unatokea wapi? Unalala saa ngapi? Mwisho alifika kwenye swali ambalo wengi walilikwepa: ni nani nyumbani kwako ambaye hamsemezani?

Watu walikuja kutibiwa mguu wakajikuta wanaeleza habari za mama mkwe. Wengine walikasirika, wakasema wamekuja kwa dawa, si kwa padri. Tata hakujali. Alisema mguu haukuja Makongeni peke yake.

Halafu kulikuwa na zile kuni. Kila mgonjwa aliyeweza kutembea alitakiwa kuja na mzigo mdogo wa kuni za kuchemshia dawa yake. Nilidhani ni ujanja wa kupata kuni za bure, na kwa kweli sikumbuki tukinunua kuni hata siku moja. Lakini Tata alikuwa akisimama mlangoni kumtazama mtu anavyokuja na mzigo. Anahema namna gani, anaegemea upande upi, anautua vipi. Mgonjwa alipoketi kwenye kigoda, Tata tayari alikuwa na nusu ya majibu.

Kulikuwa na karani mmoja wa ofisi ya pasi, mtu wa tai na kofia, aliyekuja analalamika kwamba kichwa kinamuuma kila asubuhi. Tata alimuuliza maswali yake yote mpaka wakafika kwenye chumba cha kulala. Ikajulikana kwamba bwana huyu anaogopa baridi, anaingiza jiko la makaa ndani, anafunga dirisha, na kuziba hata ule upenyo wa chini ya mlango kwa gunia. Tata alimwambia alale bila jiko na dirisha likiwa wazi, na kwamba amshukuru Mungu bado anaamka. Karani alikataa kuondoka. Alikuwa ametoka kazini, amebeba kuni na tai shingoni, halafu aambiwe tu afungue dirisha? Basi Tata akampa kipande cha muthiga, lile gome linalowasha ulimi kuliko pilipili, akamwambia alitafune kila asubuhi akiwa amesimama nje ya nyumba, polepole, mpaka liishe. Kichwa kilipona kwa hewa, na sifa zote zikaenda kwa gome. Kila tulipokutana naye sokoni aliliulizia kama ndugu yake.

Makosa yangu ya kwanza yalikuwa madogo, na Tata aliyachukua kwa njia yake. Nilianika majani juu ya bati, kwenye jua kali, yakakauka upesi nikajiona hodari. Tata aliyanusa, akaenda kumpa mbuzi. Majani ya dawa hukaushwa kivulini, taratibu, yabaki na harufu yake. Kisha nilichuna gome la muiri kando ya mto Chania, nikauzunguka mti mzima kwa sababu upande mmoja haukunitosha. Mti ukiuchuna kote unakufa. Kila mwezi Tata alinipeleka pale pale nikautazame unavyokauka, mpaka siku nilipolia. Tangu hapo nachuna upande mmoja tu, tena ukanda usiozidi upana wa kitambaa cha kichwa kilichokunjwa.

Na msidhani alikuwa adui wa hospitali. Mtu anayetapika damu, mtoto aliyelegea shingo, mama mjamzito aliyevimba uso, hao hakuwapa hata kikombe cha maji ya moto. Aliwaambia waende hospitali sasa hivi, na siku moja alimsindikiza mwanamke mpaka mlangoni pa hospitali, akaketi kwenye nyasi nje siku nzima akingojea majibu. Anayejua kazi yake anajua inapoishia. Mimi hilo nilichelewa kulijua, na ndiyo habari niliyokuwa nikiizungukazunguka tangu mwanzo.

Tata hakuwa na kijiko wala mizani. Vijiko vya kupimia nilivinunua mimi, miaka mingi baadaye, na mitungi ya vioo yenye karatasi zilizoandikwa. Yeye alimwambia mgonjwa, "Nyoosha mkono," akamimina dawa iliyotwangwa kwenye kiganja cha mgonjwa mwenyewe mpaka kikajaa. Mara moja, mara mbili, mara tatu, kulingana na ugonjwa. Mtoto ana kiganja kidogo, akapata kidogo. Mzee aliyekonda alipata kiasi chake na mbeba magunia kiasi chake. Ni kipimo kizuri kuliko mnavyodhani. Shida ni kwamba Tata hakuwa mtu wa kueleza sababu. Kwake ulitazama, ukafanya. Nami nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba mtu akija ananyoosha mkono na kupewa dawa. Nikakariri hivyo.

Kuna jambo jingine nililoliona bila kulielewa. Mtu akija kumchukulia mwenzake dawa, Tata alimrudisha mikono mitupu. Hata awe ametoka Gatundu kwa miguu. Nilidhani ni ukaidi wa uzee.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ile ya hamsini. Hali ya hatari ilikuwa bado haijaondolewa, ila mambo yalikuwa yamelegea kidogo, na ukiwa na sababu nzuri ulipata pasi ya kusafiri. Binti wa Tata alikuwa anajifungua kule Kandara, basi Tata akaenda kwa siku chache. Aliniachia maagizo mafupi: wenye kikohozi na vidonda niwahudumie, wenye tumbo wangoje mpaka arudi. Nilikuwa na kama miaka ishirini. Nilikuwa nimemtazama kwa miaka mitatu, na moyoni nilijiona nimebakiza kuitwa daktari tu.

Alhamisi akaja mwanamume anaitwa Ndung'u, mvunja mawe kwenye machimbo ya upande wa Ruiru. Alijaza mlango. Aliniambia mkewe, Nyokabi, anaumwa na tumbo kwa miezi miwili sasa, linamsokota, chakula hakishuki, amekonda mpaka nguo zinamwanguka. Wanaishi kwenye nyumba za wafanyakazi ndani ya shamba la kahawa, na mkewe hawezi kutembea mpaka stesheni. Msimamizi amempa ruhusa ya siku moja tu. Alisema haya yote akiwa ameshika kofia, na nilimhurumia sana.

Nilimuuliza maswali machache, yale yaliyonifanya nisikike kama Tata. Mkeo anakula nini? Hajui, yeye huondoka alfajiri. Anakunywa maji ya wapi? Ya bomba, au labda ya mto. Analala vizuri? Hajui, yeye akilala amelala. Hapo ndipo nilipaswa kusimama, vijana wangu. Mtu aliyejibu "sijui" mara tatu si mgonjwa, na hawezi kumjibia mgonjwa. Badala yake nikajiambia, haya ni minyoo, nikaenda kwenye kibuyu chenye ule mzizi mchungu nisiotaka kuutaja. Mzizi huo hutoa minyoo kweli. Unaendesha tumbo kwa nguvu, na hata kwa kiasi chake humlaza mtu siku nzima.

Nikamwambia, "Nyoosha mkono."

Ninyi hamjaona mkono wa mvunja mawe wa siku zile. Nilimimina na kumimina, na kiganja hakikujaa. Nikampimia viganja vitatu hivyo, nikavifunga kwenye jani la mgomba, nikamweleza: aroweke, achemshe, anywe asubuhi tatu mfululizo kabla ya kula. Mwisho nikaongeza agizo ambalo Tata alimpa kila mgonjwa, na mimi mwenyewe sikuliamini, nikilisema harakaharaka kama mtu anayemalizia sala: asiinywe akiwa na kinyongo na mtu wa nyumbani mwake. Ndung'u alilirudia neno kwa neno ili asilisahau, akaniaga kwa heshima, akaenda. Siku hiyo nilitembea nimeinua shingo. Nilimngojea Tata arudi nimsimulie.

Alirudi Jumamosi asubuhi na habari njema za mjukuu wa kiume. Hakuwa amemaliza kunywa chai aliposhika kile kibuyu, akakitikisa, akauliza ni nani amepewa dawa ya humo. Nikamweleza yote, nikingojea sifa. Akauliza, "Ulipima kwa mkono wa nani?"

"Wa Ndung'u."

"Ndung'u ndiye atakayekunywa?"

Niliutazama mkono wangu mwenyewe. Nikauona ule wa Ndung'u, na nikamwona mwanamke nisiyemjua, amekonda mpaka nguo zinamwanguka, anakunywa sufuria nzima ya mzizi ule kwa siku ya pili. Tata aliuliza kama mwanamke huyo ana mtoto mchanga. Nikasema sijui. Sikuwa nimeuliza.

Niliomba twende wote. Tata alikataa. Alisema dawa imetoka mkononi mwangu, na atakayeulizwa ni mimi. Aliniambia nikimkuta anaendesha, nimpe uji mwepesi na maji yenye chumvi na sukari kidogo, nimpeleke hospitali, na huko niseme kweli nimempa nini na kiasi gani, hata kama watanifunga. "Usijifiche nyuma ya jina langu," alisema. "Nenda."

Sasa nipate pasi. Ofisi ilifungwa adhuhuri siku za Jumamosi, na foleni ilikuwa imefika barabarani. Nilijipanga mwisho. Nilipofika dirishani nikamkuta yule yule karani wa jiko, akafurahi kuniona, akaweka kalamu chini na kuanza kunieleza habari za kichwa chake. Kimepona, ndiyo, lakini siku hizi kuna shingo. Je, gome lile linafaa kwa shingo? Niliitikia kila kitu. Ningeitikia hata kama angeniuliza linafaa kwa tai. Mwishowe aligonga muhuri, akaniandikia "kumtembelea mgonjwa," na nikaona aibu kwa neno hilo lililokuwa kweli kupita alivyojua.

Treni ilikuwa imeondoka. Niliomba nafasi kwenye lori la mkonge lililokuwa linaelekea Nairobi, nikakaa juu ya marobota, na vumbi la njia nzima likaniingia mdomoni. Askari walitusimamisha darajani wakasoma pasi yangu, wakaisoma tena. Nilikuwa nikihesabu zile asubuhi tatu za dawa. Ijumaa, ya kwanza. Jumamosi, ya pili. Kama aliroweka usiku wa Alhamisi, basi ameshakunywa mara mbili. Niliahidi mambo mengi kwa Mungu juu ya lori lile, mengine siyakumbuki, na yale ninayoyakumbuka sikuyatimiza yote.

Waliniteremsha njia panda ya Ruiru, nikaingia kwenye kahawa kwa miguu, nikiuliza kila mtu nyumba ya Ndung'u wa mawe. Nilipozifikia nyumba za wafanyakazi, niliona watu wengi wamesimama mbele ya nyumba moja, wanawake kwa watoto, wamenyamaza. Najua msiba unavyoonekana. Nilisimama kati ya mistari ya kahawa nikiwatazama, mpaka mwanamke mmoja akasogea na nikaona bomba, na ndoo, na maji yanayotoka kwa shida. Walikuwa foleni ya maji. Nyumba ya Ndung'u ilikuwa ya nne kutoka hapo.

Ndung'u alikuwa ameketi nje juu ya jiwe, kidevu kwenye kiganja. Aliponiona alisimama upesi.

"Umekuja mwenyewe, afadhali," alisema. "Ingia umwambie. Mimi amenishinda."

Nikamuuliza amekunywa mara ngapi.

"Hajanywa hata mara moja. Amekataa."

Niliketi chini, pale pale kwenye vumbi, na nguo yangu ya kanisani niliyovaa ili ofisini waniheshimu. Nililia na kucheka pamoja, na Ndung'u akaenda kuniletea maji akidhani jua limenipiga. Nimepata furaha nyingi maishani. Nimezaa, nimeona baba akirudi kutoka kizuizini, nimeona bendera ikipandishwa. Lakini sijui kama kuna siku kifua changu kilifunguka kama pale mlangoni kwa mvunja mawe, niliposikia mtu amekataa dawa yangu.

Ndani, sufuria ilikuwa kwenye mafiga yaliyopoa, imejaa maji meusi, na hata harufu yake ilitosha kumtisha mtu. Nyokabi alikuwa ameketi kitandani, amekonda kweli, mikono membamba. Kwenye titi lake kulikuwa na mtoto wa kike, wa miezi miwili hivi, ananyonya. Nilimtazama yule mtoto, nikaitazama tena ile sufuria, maana anachokunywa mama, mtoto naye hukipata.

Nilimsalimu, nikamuuliza kwa nini hakunywa. Alinitazama usoni bila haya.

"Huyu alisema kwenu dawa hainywewi na mtu mwenye kinyongo," alisema. "Mimi ninacho. Tena ninacho na yeye. Sasa ninywe nikiwadanganya?"

Siku mbili nzima Ndung'u alikuwa akimsihi. Alimwambia aache hasira anywe, kinyongo kitakwisha baadaye. Alimwambia si lazima afuate kila neno la msichana wa Thika. Nyokabi akamjibu kwamba ni yeye aliyeleta maneno hayo nyumbani, na hawezi kuchagua anayoyataka. Sufuria ikabaki pale pale, na wao wakabaki wamenuniana.

Basi nikakaa kwenye kigoda, na kwa mara ya kwanza katika kazi hii nikauliza kama mtu anayetaka jibu. Nilimuuliza hamu ya chakula ilimwacha lini. Akasema tangu siku mtoto alipopewa jina. Nikauliza jina lilikuwa na nini.

Mnajua desturi yetu, au mlipaswa kuijua. Msichana wa kwanza huitwa kwa jina la mama wa baba. Wa pili huitwa kwa jina la mama wa mama. Wa kwanza wao alikuwa Nyambura, sawasawa, jina la mama yake Ndung'u. Huyu wa pili alipaswa kuwa Wangari, mama yake Nyokabi, ambaye yuko kijijini Kandara ndani ya mzunguko wa lile handaki, na ambaye kwa siku hizo alikuwa akingojea jambo moja tu la kumfurahisha. Ndung'u akampa mtoto jina la Muthoni. Muthoni ni shangazi aliyemlea Ndung'u, na alikuwa amefariki mwaka huo huo. Nyokabi alipouliza, akaambiwa anyamaze, jina limeshatolewa. Akanyamaza. Alipika, akapakua, na yeye mwenyewe akashindwa kumeza. Kila mtu alipomwita mtoto, tumbo lilijikunja.

Ndung'u alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, amenipa mgongo nusu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba yule shangazi hakuwa na mtoto hata mmoja, na kwamba asipoitwa yeye hakuna mtu duniani atakayemwita. Nyokabi alisema hilo hakulijua. Hakuwahi kuambiwa, aliambiwa anyamaze tu. Mtoto aliendelea kunyonya. Mimi sikuongeza neno, na nadhani hiyo ndiyo tiba bora niliyotoa mwaka ule.

"Hajabatizwa bado," Ndung'u alisema mwishowe. "Basi awe Wangari. Muthoni atangoja, atakuja na mwingine."

Nyokabi alimtoa mtoto kwenye titi, akamtazama, akamwita Wangari mara mbili, polepole. Kisha akaniuliza kama kuna uji.

Nilimpikia mimi mwenyewe, mwepesi kwanza, nusu bakuli. Aliunywa wote na tumbo halikuukataa. Nikawaambia Jumatatu aende zahanati akapimwe, yeye na mtoto, kwa sababu mwili wa miezi miwili bila chakula haurudishwi na jina peke yake. Nikatoka na ile sufuria nikaimwaga mbali na bomba, nikachimbia makapi ili hata kuku wasiyafikie. Niliporudi, Ndung'u alikuwa amechangamka, ananishukuru kwa mikono miwili. Alisema sasa ameamini dawa ya Makongeni ina nguvu, inaponya hata kabla haijanywewa, na kwamba atawaambia wote kule machimboni.

Hapo, vijana wangu, ningeweza kutabasamu, nikaaga na kurudi Thika na jina zuri. Hakuna aliyejua ila mimi na Tata, na Tata asingekuja Ruiru kunisema. Sifa zilikuwa tamu na nilikuwa nimechoka. Lakini niliona kwamba wiki ijayo mtu mwingine wa machimbo atatumwa na mkewe, atanyoosha mkono wake, na mahali pengine msichana mwingine atammiminia.

Basi nikawaambia. Nilisema nilipima kwa mkono wa Ndung'u, si wa Nyokabi, na kwamba sikuuliza kama ananyonyesha. Nilisema mzizi ule ungemkausha maji yote mwilini. Angekunywa ile Ijumaa, leo ningewakuta kwenye msiba, labda wawili. Nikawaomba radhi, na sauti yangu ikawa ndogo mpaka nikajisikia mtoto.

Ndung'u aliketi akaitazama mikono yake, kwanza mmoja, kisha mwingine, akairudisha magotini. Nilingoja anitoe nje, na angekuwa na haki. Nyokabi ndiye aliyeongea kwanza, na hakuniambia mimi. Aliweka bakuli chini akamgeukia mumewe.

"Kwa hiyo siku hizi mbili uliponiambia niache hasira ninywe, ulikuwa unaniambia nife."

"Sikujua, mama Nyambura."

"Najua hukujua. Ndiyo nakuambia sasa. Usiniambie tena ninyamaze."

Ndung'u alitikisa kichwa kwamba amesikia. Kisha aliokota lile bakuli, akainama kwenye mafiga, akamwongezea mkewe uji.